Ngao ya Kijidudu

Tangu mazishi ya mkewe, Twahiru alikuwa hajashona hata shati moja. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo. Mkewe, Mukarugwiza, ndiye aliyekuwa akipokea wateja na kucheka nao. Malaria ilimwondoa.

Alipougua, kituo cha afya kilimpa vidonge. Homa ilipotulia, aliacha kuvimeza. "Vilivyobaki namwekea Gwiza," alimwambia mumewe. Gwiza ni binti yao wa pekee. Homa ikarudi kwa nguvu. Walipofika hospitali, Mukarugwiza alikuwa hajitambui tena.

Sasa Gwiza naye alikuwa anatetemeka kitandani. Twahiru akavitoa vile vidonge. Papo hapo akaingia jirani yao, Ingabire, anayefanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa malaria.

"Hapana, Baba Gwiza! Kwanza apimwe. Hayo ni mabaki, hayamtoshi."

"Mama yake alimwekea," Twahiru alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Alimpenda. Lakini dawa pungufu haiui vijidudu vyote. Vinavyobaki vinazaana."

Wakampeleka kituo cha afya. Wakingoja majibu, Twahiru akauliza, "Huko maabara mnatafuta nini?"

"Kijidudu cha malaria kinakula damu yetu," Ingabire alisema. "Kikila, ndani yake inatokea sumu ya kukiunguza. Lakini kina ngao ya kuizima sumu hiyo. Tunatafuta dawa ya kuivunja ngao, ili sumu ikimalize kijidudu chenyewe."

"Hiyo dawa iko?"

"Bado. Itachukua miaka. Vijidudu vimeanza kuzizoea dawa za sasa, ndiyo maana tunahangaika."

"Basi Mukarugwiza hakuwa na bahati."

Ingabire akamgeukia. "Baba Gwiza, dawa za sasa bado zinaponya watu wengi. Ila lazima zimalizwe."

Twahiru akaelewa. Akafunika uso kwa mikono, akalia mbele za watu.

Gwiza alikutwa na malaria. Akapewa dozi yake. Homa iliposhuka, akasukuma kando vidonge na kikombe cha maji. "Baba, nimepona."

"Mama yako pia alisema hivyo," Twahiru alijibu. "Meza, mwanangu."

Gwiza akamtazama, kisha akameza. Dozi yote ikaisha. Alipopimwa tena kituoni, damu ilikuwa safi.

Twahiru akamshika mkono, wakapanda kilima polepole kurudi nyumbani, watu wawili tu.