Diski ya Meza ya Tisa

Saa nne na nusu asubuhi.

Chumba cha nyuma, duka la kutengeneza redio. Jicho alichora mpango juu ya boksi la televisheni: mlango, ngazi, ukumbi wenye meza kumi na mbili. Humo kulikuwa na gemu ambayo vijana waliisubiri kwa hamu kama mwezi wa sikukuu, na hakuna aliyeigusa ila wajaribu kumi na wawili waliokula kiapo cha kufunga mdomo. Mnunuzi aliitaka demo, toleo la majaribio, kabla gemu haijatoka. Basi.

Wajaribu hula saa saba. Hawazimi mashine, maana demo huchukua nusu saa kuamka; hufunga mlango na kwenda zao. Siri hiyo ililetwa na Shemeji. Mkewe alikuwa mjaribu wa meza ya nne, na kila jioni alimlalamikia kazi, masikini, bila kujua analisha sikio la nani. Mke huyo ni dada wa Jicho, tumbo moja.

“Meza ya nne haiguswi,” Shemeji alisema. “Na yeye asiguswe.”

“Damu yangu ile.”

“Apa.”

Jicho akaapa kwa mama yake. Nyundo, dereva, akacheka puani. Shemeji hakukipenda kicheko kile.

Saa saba na dakika kumi.

Ovaroli za mafundi wa viyoyozi. Ngazi begani. Mlinzi alitazama karatasi, akapiga mwayo, akawafungulia. Ukumbi mtupu, skrini zinawaka. Shemeji akafungua mashine ya meza ya tisa, akachomoa diski. Dakika nne tu, jasho mpaka kwenye soksi. Alipopita meza ya nne aliona sweta la mkewe kitini, akageuza uso kwa aibu.

Saa nane kasorobo.

Gari limejificha nyuma ya ghala la saruji. Mnunuzi akapiga simu: haji mpaka aone video ya hatua ya kwanza ikichezwa. Shemeji akaunganisha diski kwenye kompyuta aliyoipakata. Ikagoma, bila mtandao haifunguki. Alisema hapendi, waache. Nyundo akamwita mwoga. Jicho akawasha intaneti ya simu yake, wakasubiri nusu saa nzima.

Saa nane na robo.

Demo iliuliza jina la mchezaji. Vidole vya Shemeji vikaandika vyenyewe lile analotumia nyumbani, anapocheza na mkewe: Chura Mkavu. Mazoea yana taabu. Kisha akazama. Ilikuwa tamu, jamani! Alisahau gari, alisahau wizi, akaruka mapaa ya mji wa mvua, akaliangusha jitu la mwisho kwa mkupuo mmoja. Nyundo akirekodi.

Skrini ikaandika: Wa kwanza kati ya wachezaji kumi na watatu.

Kumi na watatu: wajaribu kumi na wawili, na yeye. Simu yake ikaita, mkewe.

“Jina lako limetokea kwenye ubao wa alama, ukutani hapa kazini,” alisema polepole. “Nililiona nikacheka, kabla sijaelewa. Wameniona nikicheka. Sasa polisi wamenizuia ofisini, wameniruhusu simu moja tu, wanasema mwizi ni mimi.”

Jicho alikuwa amesikia. Akanong'ona kwamba dada akane, akae kimya siku mbili, wao wavuke mpaka.

“Watamfunga,” Shemeji alisema.

“Atatoka.”

“Uliapa.”

Jicho akamwashiria Nyundo waondoke. Shemeji akamchukia Jicho kuliko alivyowahi kumchukia mtu, akaisogeza simu mdomoni.

“Waambie ni mimi, mke wangu. Na kaka yako, na dereva. Tuko nyuma ya ghala la saruji.”

Nyundo aliwasha gari. Jicho hakutukana. Kisu kilimwingia Shemeji chini ya mbavu, mara moja, kisha mlango ukafunguliwa akasukumwa nje. Gari likaondoka na diski.

Alilala kwenye vumbi la saruji, simu karibu na sikio. Haikuwa imekatika. “Kaka yako amenichoma kisu,” alisema. Alimsikia mkewe akiwaambia askari bila kutetemeka: “Mwizi ni mume wangu. Kaka yangu amemchoma. Nendeni na gari la wagonjwa, upesi.”