Kilio Kitandani kwa Sefu

Kila Sefu, fundi cherehani wa Gisenyi, alipomkumbatia mkewe Mukarugwiza, chumba kilinuka udongo mbichi. Papo hapo Sefu alimaliza, kabla mambo hayajaanza, akageukia ukutani.

Alihangaikia dawa. Marhamu ya daktari wa Goma ilimtia ganzi, ikamtia na mkewe. Mizizi ya mganga wa Bugeshi ilimletea usingizi tu. Ikabaki njia ya mwisho ya daktari: kupitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo na kuunguza ndani kwa dawa kali. Wengine hupona, daktari alikiri. Wengine hawawi wanaume tena.

"Kesho naenda aniunguze," Sefu alisema jioni moja. "We ungali kijana. Ukitaka kurudi kwenu, mi sikuzuii."

"Bon, sawa. Na kukoroma kwako atakuvumilia nani?" Mukarugwiza akamshika mkono. "Niambie kweli, baba. Iko nini humu kitandani?"

Sefu alinong'ona. "Mutoto analia. Na Nyirasafari ananiambia, haraka, mubebe."

Nyirasafari alikuwa mkewe wa kwanza, aliyefariki akijifungua. Kichanga kilimfuata usiku wa kuamkia siku ya kupewa jina. Watu wakasema kisicho na jina hakililiwi, wakakizika kimyakimya.

Mukarugwiza hakuona wivu. Alijifunga kanga, akaenda kumwita Asumani, mwalimu wa madrasa.

Mwalimu alifukiza ubani na kusoma Kurani, na ingawa mlango ulifungwa pazia lilivimba, harufu ya udongo ikazidi, kitanda kikalia kama kilichopandwa na mtu mchovu, kisha kilio chembamba kikaanza, na safari hii Mukarugwiza naye akakisikia.

"Unataka nini, mama?" mwalimu aliuliza kwa upole.

Sauti ya kike ikatoka kinywani mwa Sefu. "Mwanangu aitwe."

Sefu akalia machozi aliyokatazwa zamani. "Yusufu," akasema. "Yusufu wangu."

Kilio kikakatika.

Goma hakwenda tena. Usiku ule Sefu hakuharakishwa na mtu, akalala amemkumbatia mkewe.

Alfajiri Mukarugwiza, ambaye hajawahi kuzaa, aliamka blauzi imelowa maziwa. Akaelewa: mama amekwenda, mtoto amebaki. Aliogopa mpaka meno yakagongana. Kisha akaketi, akafungua vifungo, akakunja mkono kama anayepakata. Kitu kidogo, baridi, kikashika ziwa.

"Pole, Yusufu," alinong'ona. "Nyonya taratibu."