Python, Julia na Gunia la Lumbesa

Saa nne asubuhi simu ya Mama Bertha ililia shambani kwake, Uyole. Ujumbe ulisema: “Hatari ya ugonjwa wa ukungu kwenye viazi. Piga dawa leo kabla ya mvua.”

Mvua ilikuwa imeanza saa tatu.

“Jackline!” aliita aliporudi nyumbani, nguo zikichuruzika maji. “Kompyuta yako inatabiri jana?”

Jackline, binti yake, alifungua kompyuta kuona muda ulipotelea wapi. Takwimu za hali ya hewa zilimfikia saa kumi na mbili asubuhi. Programu yake ilipiga hesabu za mashamba mia nane ya viazi ya kikundi chao. Hesabu hizo zilichukua saa nne nzima kabla ujumbe haujatumwa. Na dawa lazima ikauke kwenye majani kabla ya mvua. Msimu uliopita ukungu ulikula nusu ya viazi vya mama yake.

Programu ile aliiandika kwa Python, mojawapo ya lugha za kuipa kompyuta maagizo. Alisikia kwamba Julia, lugha nyingine, ina kasi zaidi. Akaijaribu. Jioni alimwonyesha matokeo jirani yao Gideoni, ambaye kazini hupiga hesabu za mafuriko.

“Python sekunde mbili, Julia saba. Julia ni sifa tu, kaka.”

“Ulizipa kazi ileile?” Gideoni aliuliza.

Jackline akafungua mafaili. Python ilipewa takwimu za siku moja. Julia ilipewa za siku kumi.

Gideoni akacheka. “Huyu kabeba gunia la kawaida, huyu lumbesa. Halafu wa lumbesa unamwita mvivu?”

“Lumbesa?” Mama Bertha alitokeza kichwa kutoka jikoni. Wanunuzi walikuwa wakimjazia gunia mpaka linaota nundu, kisha wanalihesabu moja. “Hata humu ndani mnajaza lumbesa?”

“Binti yako ndiye kajaza, mama!”

“Lakini kwa nini Python inachelewa?” Jackline aliuliza.

“Inafanya kama mkalimani kanisani. Sentensi moja, anatafsiri. Nyingine, anatafsiri. Julia hutafsiri kazi nzima kwanza, ndiyo maana mara ya kwanza huchelewa kuanza. Muda huo uandike pembeni.”

Walipima upya. Kompyuta moja, mashamba kumi, takwimu zilezile. Walirudia mara tano. Kwanza walihakikisha majibu yanalingana, maana jibu la haraka lenye kosa halifai kitu.

Python: dakika tatu. Julia: sekunde mbili.

“Basi nahamia Julia,” alisema Jackline.

“Ngoja. Python ina maktaba ya hesabu, NumPy. Ndani yake kazi imeshatafsiriwa. Ipe safu nzima ya namba kwa mpigo, usiipe moja moja.”

Jackline akaandika upya sehemu ile. Sekunde sita.

Akapiga hesabu. Kwa mashamba mia nane, Julia ingemaliza kwa dakika tatu hivi, NumPy kwa dakika nane. Wenzake wawili kwenye kikundi walijua Python, na Julia hakuna aliyeijua.

“Nane zinatosha,” alisema.

Wiki iliyofuata ujumbe uliingia saa kumi na mbili na dakika kumi. Mama Bertha alijitwika bomba la dawa mgongoni. Mvua ilipokuja, saa tano, dawa ilikuwa imekauka zamani kwenye majani.

Alisimama mlangoni akiitazama ikinyesha.

“Ndaga, asante mwanangu,” alisema. “Leo kompyuta yako imetabiri leo.”