Mstari Mwekundu Kulia

"Chai inachemka."

Simu ikakatika.

Zumrud Quliyeva, jasusi wa usalama wa taifa, akakanyaga mafuta. Gari lake, Niva, likarukaruka kwenye mashimo ya rasi ya Absheron, upepo wa Khazri ukilimwagia mchanga. Maneno yale ya siri yalikuwa na maana moja tu: kwenye kisima cha gesi kuna msaliti.

Na juu ya mtambo ule wa kuchimba alikuwa Ilqar, mdogo wake wa pekee.

Kwenye banda la sampuli alimkuta Tofiq, daktari wa miamba, anakunywa chai kwa raha zake. Akamkaribisha, akamwonyesha boksi la vipande vya mwamba vilivyotolewa chini asubuhi ile. Mwamba mkavu huu, akasema, hauna gesi hata ya kuwashia sigara. Ndiyo maana amewaambia vijana wapunguze uzito wa tope linaloizuia gesi isipande kisimani na waendelee kuchimba.

Zumrud akainama.

Kila kipande kikitoka ardhini huchorwa mistari miwili, ili juu na chini visichanganywe. Ukikisimamisha, mwekundu hukaa kulia, mweusi kushoto. Baba yake alimfundisha hayo kabla hajajua kusoma, kabla gesi haijamlipukia kisimani.

Hapa mwekundu ulikuwa kushoto. Boksi zima.

Hakuna mchimbaji wa hapa angechora vile. Mwamba huu ulitoka ugenini, pamoja na rangi yake.

"Wetu uko wapi, daktari?"

"Umechelewa, dada. Kisima hiki kikilipuka, nani atakitaka tena? Walionituma watakiokota bure."

Mkono wa Tofiq ukazama kotini. Bastola ya Zumrud, Makarov, ikawahi kufyatuka. Tofiq akaanguka, kashika bega, bastola yake ikateleza chini ya meza.

Zumrud akanyakua redio ya Motorola.

"Ilqar, simamisha. Funga vali ya kisima."

"Lakini daktari kasema..."

"Achana na daktari. Funga, mdogo wangu, nakuomba."

Akaibana redio sikioni.

Ardhi ikanguruma. Glasi ya chai ikatambaa mezani, ikadondoka, ikavunjika. Zumrud akafumba macho akiungoja moto, kama mama yake alivyoungoja siku ile baba alipofia kisimani.

Haukuja. Vali ilikuwa imeshika.

Redio ikakoroma.

"Dada, gesi ilishafika mdomoni mwa kisima." Sauti ya Ilqar ilitetemeka. "Nani kakwambia?"

"Baba."

Akamfunga Tofiq pingu, akamkabidhi kwa walinzi, akaenda kuwasha Niva yake.