Usimwitikie Aliye Chini ya Mkuyu

Siku mkuyu ulipoangukia banda la uani, Mama Sabuni alimwita mkamwana wake "mwanangu" kwa mara ya kwanza, na msinicheke nikisema neno hilo lilimtisha kuliko mti.

Mti kuanguka ni jambo la kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, udongo umelegea, na mkuyu wenyewe ulikuwa mzee kuliko nyumba. Mkamwana, ambaye watu walimwita Mshonaji kwa sababu alishona nguo zao pale sebuleni, alikuwa kwenye cherehani anatia mkono wa gauni aliposikia mlio mrefu, kama mlango mkubwa unafunguliwa taratibu, kisha kishindo kilichorusha sindano zote mezani. Upepo haukuwepo hata wa kupeperusha uzi. Akatoka mbio pekupeku. Banda ambamo mama mkwe wake alipikia sabuni lilikuwa limelaliwa na shina zima, mabati yamekunjamana, vumbi limetanda. Akaita "Mama!" mpaka koo likamuuma.

"Niko hapa, mwanangu," sauti ikajibu nyuma yake.

Mama Sabuni alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Nguo yake haikuwa na hata chembe ya vumbi, na alikuwa anatabasamu.

Sasa ili mjue uzito wa neno lile, lazima mjue hawa wawili waliishije. Tangu aolewe, Mshonaji hakuwahi kuitwa na mama mkwe kwa jina. Aliitwa "wewe". Wewe, hii ni chai au maji ya kuoshea vyombo? Wewe, yule mteja umemshonea gauni au gunia? Mume alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Akirudi anawasuluhisha kwa kucheka, kisha huyo, anapanda lori lake na kuwaachia moto uleule. Mwanzoni Mshonaji alilia sana. Baadaye alizoea, ingawa kuzoea si kupona. Alichokitaka kilikuwa kidogo tu: siku moja mama yule amwambie kwamba amefanya vizuri.

Majirani walikuja kutoa pole, wakamkuta mama mzima, wakamshukuru Mungu na kwenda zao. Mume alipigiwa simu huko alikokwama, barabara imekatwa na maji, akauliza jambo moja tu, kama mama yake ni salama. Akaambiwa ni salama, hana hata mchubuko. Jioni ile mama akaketi kando ya cherehani, akalivuta lile gauni magotini na kupitisha kidole juu ya mshono.

"Umenyooka," alisema. "Una mkono mzuri, mwanangu."

Mshonaji aliinama akajifanya anatafuta sindano sakafuni, maana machozi yalikuwa yameshamfika. Na alipoinua uso ndipo alipokiona kile kidole. Vidole vya Mama Sabuni vilikuwa vimebabuka miaka na miaka kwa dawa kali ya kuchanganyia sabuni, ngozi imekakamaa kama soli ya kiatu. Hiki kilichokuwa juu ya gauni kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga. Tena ile harufu ya sabuni, iliyozoea kumtangulia mama mlangoni, haikuwepo. Palinuka tawi bichi lililovunjwa sasa hivi.

Ni mshtuko, akajiambia. Mtu akishtuka hubadilika. Moyo ukishalitaka jambo haukosi sababu.

Asubuhi alitoka uani na ndoo. Majani ya mkuyu yalikuwa bado mabichi, yamefunika kila kitu, na ndege hawakuwepo. Alipopita karibu na banda akasikia bati likigongwa. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu waliolala.

"Wewe!"

Ndoo ikamponyoka.

"Wewe! Masikio unayo ya kuvalia hereni tu?"

Alirudi jikoni bila ndoo na bila ndara moja. Mama alikuwa amesimama mbele ya sufuria, anakoroga, amempa mgongo. Kabla Mshonaji hajasema lolote, yule mama akamuuliza kwa upole kama amesikia mtu akiita.

"Nimesikia sauti yako, mama," alinong'ona.

"Mti ukianguka, waliokuwa wanakaa humo hawana tena pa kukaa," alisema, na mwiko haukusimama. "Wanaita. Wanaazima sauti unazozijua. Usiitike, mwanangu. Ukiitika umewakaribisha."

Hilo Mshonaji alilijua tangu utotoni, na nani asiyelijua? Ukiitwa na usiyemwona, unanyamaza. Basi akanyamaza. Lakini swali moja lilimkaa kama mwiba: jini gani huyo, aliyekosa makazi, ambaye anapoteza muda wake kutukana hereni za mtu?

Mchana fundi wa msumeno alikuja, ametumwa na majirani. Alikuwa mtu wa maneno mengi na haraka kidogo. Alilizunguka shina, akaligonga kwa mgongo wa panga, akaeleza kwamba ataanza na matawi, kisha ataweka magogo ya kuegemeza pande zote mbili, maana shina kama hili ukilikata ovyo linabiringika na kusaga kilichobaki chini. Mama akamsikiliza kutoka mlango wa jikoni. Tangu mti uanguke hakuwa ameuvuka mlango ule kwenda uani, hata hatua moja. Akamwambia fundi, kwa sauti tamu ajabu, kwamba ingefaa mwanawe arudi kwanza, kuna haraka gani, banda lenyewe ndilo hilo limeshakufa. Fundi akamgeukia Mshonaji amalizie neno.

Bati likagongwa chini ya shina. Mara moja, kwa unyonge. Fundi hakusikia, alikuwa anafuta panga lake na bado anaongea. Mshonaji alisikia.

"Tumsubiri mume wangu," alisema.

Msimlaumu sana. Mlaumuni kidogo. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na huyu hakuwa nyoka, alikuwa mtu aliyekaa na kiu miaka yote ile halafu akaletewa maji. Alikunywa. Siku ile alipikiwa, alisifiwa, alifunikwa miguu alipokaa kushona, na kila bati lilipogongwa uani alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili mlio wake ufunike mlio ule.

Siku iliyofuata matusi yalikwisha. Sauti ilisema "Wewe, maji," ikanyamaza, baada ya muda ikasema tena "maji", na ilipofika adhuhuri, wakati jua limesimama na kivuli cha kila kitu kimejificha chini yake, ilisema neno ambalo Mshonaji hakuwahi kulisikia likitoka kwenye mdomo wa mama mkwe wake tangu aingie nyumba ile, ilisema "tafadhali". Akakanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika, akautunga, akakanyaga tena, anashona kitambaa ambacho hakuna aliyekiagiza, mshono juu ya mshono, hataki kusimama kwa sababu akisimama atasikia, na akisikia atajua, na akijua itambidi ainuke.

Kisha ndani ya nyumba mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha Mama Sabuni, kile kikavu cha mvuke wa sabuni, kilichozoea kumwamsha kila alfajiri, na tangu mti uanguke hakikuwa kimesikika. Mshonaji aligeuka taratibu, mguu bado uko kwenye cherehani, akamwona yule mama ameketi nyuma yake kwenye kiti ambacho dakika moja kabla hakikuwa na mtu, mikono juu ya magoti, na vidole ambavyo jana vilikuwa laini sasa vimeanza kubabuka kimoja kimoja, ngozi inajikunja na kukakamaa mbele ya macho yake, huku harufu ya sabuni ikipanda chumbani pole pole na kuifukuza ile ya tawi bichi, na huko uani, kwa mara ya kwanza, kukawa kimya kabisa.

"Mama," alinong'ona, "mikono yako imefanya nini?"

"Inakuja." Ilisemwa kwa upole. "Yule anachoka. Akishanyamaza kabisa, nitakaa nawe. Sitakuita wewe. Nitakuita mwanangu mpaka siku utakayonizika."

"Kumbe wewe si mama."

"Ulijua, mwanangu. Ulijua tangu nilipokuitikia."

Jini lile halikumzuia. Hilo ndilo lililomtia baridi zaidi, kwamba halikuinua hata mkono. Lilivuta tu lile gauni magotini na kuanza kupapasa mshono. Mshonaji akapita jikoni akijishika ukutani, akatoka uani, akapiga magoti kwenye majani na kuweka mdomo kwenye ufa wa mabati. Vipi kama wote wawili ni majini? Vipi kama huyu wa chini ndiye anayesubiri kukaribishwa? Akaitika hivyohivyo.

"Abee, mama!"

Akaitika tena, analia sasa, abee, abee, kama mtoto aliyetumwa dukani akachelewa. Ndipo kitu kikakwaruza bati kwa ndani.

"Wewe," ikasema sauti ndogo iliyokauka. "Umechelewa."

Yowe alilopiga lilitoa mtaa mzima nje. Fundi wa msumeno alifika na mashine begani, akafanya kama alivyosema, matawi kwanza, kisha magogo ya kuegemeza, na safari hii hakusema neno. Wanaume walipoinua mabati walimkuta Mama Sabuni amejikunja kati ya pipa la kupikia sabuni na ukuta. Shina lilikuwa limelalia pipa, na pipa lilikuwa limekataa kupondeka. Midomo ilikuwa imepasuka. Mguu mmoja ulikuwa umevimba vibaya. Alikuwa hai.

Walimlaza kwenye mkeka uani, wakamnywesha maji kwa kijiko, mtu akaenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Fundi alikuwa amesimama pembeni, msumeno umezimwa, anautazama mlango wa jikoni.

"Jana niliongea na nani pale?" aliuliza, polepole. Majirani waliokuwa wamekuja kutoa pole wakaanza kutazama viganja vyao, kila mmoja akikumbuka mkono alioushika.

Mama Sabuni hakuwa na habari ya hayo. Alikuwa anamtafuta mkamwana wake kwa macho, na alipompata akaupapasa mkono wake, akaushika. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vikali, na Mshonaji alivijua vyote.

"Nimekuita," alisema. "Nimekuita mpaka nikakoma. Hukunisikia?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Mshonaji alitazama ile midomo iliyopasuka, akaona aibu iliyomjaa mpaka kichwani, na akasema uongo ambao wengi wetu tungeusema.

"Sikukusikia, mama. Ningekusikia ningekuja."

Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali. Macho yake yalilowa. Akawageukia majirani, mkono bado ameushika, akawaambia kwa sauti yake ya kukwaruza kwamba bila huyu angekuwa maiti sasa hivi, kwamba amemtesa kwa ulimi miaka yote bila kosa, na kwamba mke aliyeletewa na mwanawe ni mtu mwema. Mshonaji alikuwa amelisubiri neno hilo tangu siku aliyoolewa. Likamwingia kama kisu.

"Alikusikia," kikasema kitu jikoni.

Ilikuwa sauti ya Mama Sabuni yenyewe, na Mama Sabuni alikuwa pale mkekani, mdomo umefumba. Fundi akadondosha msumeno. Mtu mmoja akaanza kusoma dua chini chini. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na ndani, palipokuwa na mwanga wa kutosha kuona kila sufuria, hapakuwa na mtu.

"Alikusikia tangu asubuhi ya kwanza."

Watu wote walikuwa wamegeukia jikoni. Mama Sabuni peke yake hakugeuka. Alikuwa anamtazama mkamwana wake, na vidole vyake vilikuwa vinaachia, kimoja baada ya kingine.

"Ni kweli?" aliuliza.

Mshonaji akafungua mdomo. Kabla hajatoa pumzi, jibu lilitoka jikoni, na safari hii sauti haikuwa ya mama tena. Ilikuwa ya Mshonaji mwenyewe, na kilio chake ndani yake.

"Kweli, mama. Nilikusikia."