Jina Ndani ya Kalavati Namba Tisa

Mnyoofundi aliingia ndani ya kalavati, mtaro wa maji unaopita chini ya barabara, saa tatu asubuhi, na magari yaliyopita juu yake hayakuhisi chochote. Mashine hiyo, ndefu kama malori mawili, ilijisukuma taratibu huku ikiosha matope kwa maji na kuzisikiliza kuta kwa mwangwi. Ikimaliza kukagua, hufuma bomba jipya ndani ya lile lililochakaa, na barabara haichimbwi wala haifungwi. Jiji la Makambako lilikuwa na wanyoofundi arobaini, na aliyewabuni ni Injinia Skolastika Mbwilo. Watu walidhani aliwabuni kwa kuzipenda barabara. Aliwabuni kwa chuki.

Miaka kumi na tisa iliyopita, katikati ya masika, Kalavati Namba Tisa lilititia mama yake Skola, Anjelista, akipita juu na baiskeli. Maji yalimsomba, na mwili wake ukapatikana kilomita mbili huko chini. Mkaguzi, Injinia Rwegoshora, aliapa mbele ya tume ya uchunguzi kwamba alilikagua mwezi mmoja kabla. Enzi hizo mkaguzi alitakiwa kutambaa hadi katikati ya kalavati na kuandika jina na tarehe kwa rangi nyekundu, kuthibitisha kwamba amefika.

"Jina langu lilikuwa katikati," alisema Rwegoshora, "na katikati ndiko kulikosombwa."

Tume ikamwachia. Shimo likazibwa kwa viraka, mdomo wa kalavati ukajaa matope, naye akapanda cheo mpaka akastaafu. Leo, kalavati hilohilo likikarabatiwa mbele ya umati, alikuwa ameketi jukwaani kama mgeni wa heshima, akipunga mkono.

Skola alikuwa ameyaunganisha macho ya mnyoofundi na mabango-mwanga yote ya jiji. Aliutaka uso wa yule mzee ujae kwenye kila kona siku uongo wake utakapofukuliwa. Ni baba yake tu, Mzee Gaudensi, aliyejaribu kumzuia asubuhi ile. Gaudensi alikuwa nyapara wa Rwegoshora zamani hizo.

"Ziba tu, mwanangu. Ya nini kuchokonoa?"

"Baba, umechoka kuomboleza. Mimi sijachoka."

Mzee alivaa shati lake jeupe, akaja kukaa safu ya mbele.

"Maandishi," mnyoofundi alitangaza. "Mita tatu kutoka mdomoni."

Herufi nyekundu zikatokea kwenye mabango: RWEGOSHORA. SALAMA. Chini yake ilikuwapo tarehe, mwezi mmoja kabla ya mafuriko. Umati ukaguna. Mita tatu, mtu alikuwa ameinama mlangoni, akaandika, akatoka zake. Skola aligeuka kumtazama mzee jukwaani, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni alisikia raha kifuani.

"Injinia, kule katikati ulifika lini?" aliuliza, na vipaza sauti vikamfuata.

Rwegoshora alilowa jasho. Hakumtazama Skola. Alimtazama Gaudensi, kisha akainamisha kichwa.

Skola akarudisha macho kwenye maandishi. Zile R zenye mguu mrefu, zile S zilizolala upande, alizijua. Zilikuwa kwenye majalada ya madaftari yake yote ya shule ya msingi, alipokuwa akiandikiwa jina mezani na baba, mama akipepeta mchele pembeni.

"Kumbukumbu za mwandiko zipo," alisema mnyoofundi. "Nimtambue mwandishi, au nianze kuziba?"

Hakuna mwingine aliyekuwa amegundua. Rwegoshora alikuwa ameshamalizika. Jina lililosomwa na jiji lilikuwa lake, na ni dhahiri angekufa nalo bila kumtaja mtu aliyeandika kwa niaba yake.

"Ziba, mwanangu," alisema Gaudensi kutoka safu ya mbele, kwa sauti ileile ya asubuhi. "Injinia aliogopa nyoka wa mle ndani, akanituma mimi. Na mimi niliogopa."

Skola akavuta kipaza sauti karibu na mdomo.

"Mtambue," akasema.