Umeme wa Uongo

Mita ya kupimia umeme ilianza kusoma ikiwa juu ya meza, haijagusa kitu.

Mama Redio aliiona kwa pembe ya jicho huku akichomelea waya. Jina hilo alipachikwa na majirani, maana kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, lakini akipata nafasi, kwa raha zake tu, alifufua redio ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Namba zikapanda, zikashuka, zikapanda tena. Mlango ukafunguka, mumewe akaingia kutoka lindo la ghala, na namba zikatulia kule juu.

"Umeamkaje, fundi wangu?"

Hakuwaza baya. Mita yenyewe ilikuwa ya bei chee, nyaya zake nyembamba kama uzi wa cherehani. Lakini tangu siku ile, kila mumewe alipopita, mita ilisoma. Akilala mchana, kifuani mwake kulitoka mvumo wa chini chini, kama wa transfoma ya mtaani, na mto wake ulinuka nywele zilizoungua.

"Kazini umeme ulinitikisa kidogo," alisema mume. "Si kitu."

Mama Redio akampigia simu kaka yake, fundi umeme.

"Dada, mita za hivyo huokota umeme wa hewani," kaka akacheka. "Sisi tunauita umeme wa uongo. Na siku moja itakulipukia mkononi hiyo. Twende dukani nikuchagulie ya maana."

Dukani, kaka hakutazama rangi wala ukubwa wa kioo. Alisoma daraja la usalama lililopigwa chapa kwenye mwili wa mita, kisha akamwomba muuzaji afungue kifuniko. Ya kwanza ilikuwa na fyuzi ya kioo, nyembamba kama njiti.

"Rudisha. Hii maneno mengi, moyo hamna."

Ya pili fyuzi zake zilikuwa nene, za kauri. Nyaya nzito lakini laini, na ncha zina ukingo wa kuzuia vidole visiteleze. Akaipima kwa betri mpya, akarudia kwa mita yake mwenyewe. Zote zikasema neno moja.

"Na hapa," akaonyesha alama kwenye kitasa cha kuzungusha, "ni pa kunyonya umeme wa uongo. Ukiweka hapa, wa uongo hushuka hadi sifuri. Ukibaki, dada, huo ni wa kweli. Ondoa mkono."

Mama Redio aliporudi nyumbani mumewe alikuwa amelala, jua linawaka dirishani. Akapima soketi kwanza. Mita ikasema sawa. Akazima swichi kuu, nyumba nzima ikafa, feni ikajizungusha kivivu mpaka ikasimama, lakini ule mvumo haukukoma, na yeye akapiga magoti kando ya kitanda, ncha moja akaigusisha kwenye mkono wa mumewe na nyingine kwenye nondo ya dirisha, namba zikatoka, akageuza kitasa hadi pale alipoonyeshwa, akiomba moyoni zishuke, zishuke japo kidogo, nazo zikapanda, zikazipita za soketi, zikaendelea kupanda bila haraka kama mtu anayepanda ngazi za kwake, mpaka alipoinua uso akamkuta mumewe anamtazama, hapepesi, na kifua chake hakiendi juu wala chini.

"Umepata jibu, fundi wangu?" akauliza kwa upole.

Aliposimuliwa, kaka hakucheka tena. Kesho yake alimleta mganga, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Akaketi sebuleni, uso kwa uso na mume.

"Umekaa kwa mtu. Toka."

"Mtu gani, mama?" Mume akatabasamu. "Mimi sijakaa kwa mtu."

Mganga akamshika kiganja, akakiachia kama aliyeshika kaa la moto. Papo hapo akaanza kukusanya vitu vyake. Mama Redio akamkimbilia hadi uani.

"Mama, usiniache naye!"

"Mwanangu," mganga akanong'ona, "jini aliyempanda mtu hushushwa. Huyu hana mtu ndani. Nimshushe kutoka wapi?"

"Na mume wangu?"

"Muulize alikomwacha."

Akamuuliza. Akajibiwa kama aliyeuliza chumvi iko wapi.

"Ghalani, chumba cha pampu, kule chini. Nilipotoka alikuwa bado anabisha mlango."

Mama Redio na kaka yake walikwenda mbio. Mlinzi wa zamu akawashusha ngazi za nyuma. Mahali pa mlango palikuwa na ukuta wa zege, bado mbichi.

"Tajiri alitaka pazibwe, pampu haitumiki," mlinzi akasema. "Na zege kalichanganya mumeo mwenyewe, shemeji. Alijitolea. Tulimsifu sana."

Mama Redio akabandika sikio. Kimya. Kisha, mbali, mlio wa mkono uliochoka kubisha: ngo. Ngo.

"Nipo!" akapiga kelele. "Mume wangu, nipo hapa!"

Kaka akashika nyundo aliyokuja nayo, akapiga zege likamegeka, akapiga tena, na nyuma ya zege hapakuwa na chumba, palikuwa na zege jingine, na kila pigo lilipoingia ule mlio wa kubisha ulisogea chini zaidi, mbali zaidi, mpaka Mama Redio akashindwa kujua kama anausikia au anaukumbuka.

Mkono ukatua begani kwake. Mvumo ukamjaa masikioni.

"Twende nyumbani, mke wangu. Mwache, amechoka."

Nyundo ikamdondoka kaka. Alirudi nyuma hadi ukutani, akawapisha njia. Mama Redio akapandishwa ngazi ameshikwa mkono kama bibi harusi, na alipojaribu kuutoa, vidole vyake mwenyewe vilikataa kufunguka, kama vya mtu aliyeshika waya.